Ruta ya MikroTik ikitangazwa ina tundu: kipi kianze, kipi kifuate

Tarehe 23 Aprili 2018 kampuni ya MikroTik ya Latvia ilitoa toleo 6.42.1 la RouterOS, programu inayoendesha ruta zake, na kueleza sababu yake. Huduma ya Winbox, ile ya kusimamia ruta kutoka kompyuta, inayosikiliza kwenye poti 8291 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba), ilikuwa na tundu: aliyeweza kuifikia aliweza kuomba faili la ruta na akapewa bila kuulizwa nywila. Faili lililotafutwa ni la watumiaji, kwa kuwa matoleo ya wakati huo yalificha nywila kwa namna inayofumbuliwa na programu ya mistari michache. Mvamizi hakuhitaji kuvunja kitu. Alisoma nywila, akarudi, akaingia kwa jina lako.

Septemba mwaka huohuo watafiti wa Netlab, kitengo cha kampuni ya Kichina ya 360, walihesabu ruta zipatazo 370,000 zilizokuwa bado na tundu hilo. Zipatazo 239,000 zilikuwa zimewashiwa proksi ya SOCKS (inayomwezesha mtu wa nje kupitisha mawasiliano yake ndani ya ruta) bila wenyewe kujua, na zaidi ya 7,500 zilikuwa zikimtumia mtu baki nakala ya mawasiliano ya wateja wake. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2021, kundi la mashine lililopewa jina Meris liliipiga Yandex ya Urusi kwa maombi milioni 21.8 kwa sekunde. MikroTik walipochunguza walikuta ni ruta zilezile zilizovamiwa 2018. Kuna waliosasisha zao zamani sana, ila nywila waliiacha ileile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa, nyoka akabaki ndani ya nyumba. Ndiyo maana kusasisha ni kazi moja tu kati ya kadhaa, na mpangilio wake una maana. Tunafuata tundu la 2018 kwa sababu habari zake zinajulikana mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu ruta hizi utazikuta kwenye minara ya watoa intaneti wadogo, hotelini, shuleni na kwenye vibanda vya Wi-Fi ya vocha kuanzia Mombasa hadi Mbeya.

Soma tangazo la mtengenezaji, si la kundi la WhatsApp

Ujumbe wa kusambazwa husema "ruta zote ziko hatarini, zima sasa". Achana nao. Fungua tangazo la mtengenezaji mwenyewe utafute majibu manne: ni matoleo yapi yenye tundu na lipi limerekebishwa, ni huduma ipi iliyoharibika, mvamizi anahitaji awe ameshaingia au hahitaji, na je, tayari kuna watu wanaolitumia. Tundu linalomhitaji mtu mwenye nywila ya msimamizi laweza kungoja Jumapili usiku. Lisilohitaji nywila, lililo kwenye huduma iliyo wazi kwa intaneti, halingoji hata jioni.

Usisubiri namba ya CVE, ile inayopewa kila tundu kwenye orodha ya kimataifa, ndipo uamke. Tundu la Winbox lilirekebishwa Aprili, lakini namba yake, CVE-2018-14847, ilitoka Agosti. Aliyekuwa akifuata orodha ya namba peke yake alichelewa zaidi ya miezi mitatu.

Kisha tazama ulicho nacho:

/system resource print
/ip service print

Amri ya kwanza inakupa toleo na aina ya prosesa kwenye mstari wa architecture-name, utakaouhitaji baadaye. Ya pili inaonyesha huduma zilizo wazi na anwani zinazoruhusiwa kuzifikia. Safu ya address ikiwa tupu, yeyote mwenye njia ya kufika kwenye ruta anagonga mlango.

Kwanza funga, ila usiizime

Kishawishi cha kwanza ni kuchomoa umeme. Usifanye hivyo. Kwa kawaida logi ya MikroTik hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, mistari 1,000 tu, na hufutika ruta ikizimwa. Humo ndimo utakapoona nani aliingia, saa ngapi na kutoka wapi. Ihifadhi kwanza, pamoja na mipangilio:

/log print file=logi-kabla
/export file=mipangilio-kabla
/system backup save name=bakapu-kabla

Vuta mafaili hayo matatu kwenye kompyuta papo hapo. Kwenye ruta zenye folda iitwayo flash, kama hAP lite, faili lililo nje ya folda hiyo hupotea ruta ikiwaka upya, na mafundi wengi hugundua hilo siku wanapolihitaji.

Sasa ufunge njia ya kutoka intaneti. Kabla ya kugusa fayawoli (sheria zinazoruhusu au kuzuia data) bonyeza Ctrl+X kwenye terminal, au kitufe cha Safe Mode kwenye Winbox: ukijifungia nje kwa bahati mbaya na muunganisho ukakatika, ruta hurudisha mipangilio ya awali yenyewe. Ukiridhika, bonyeza tena ili mabadiliko yabaki. Fundi aliye Dodoma anayerekebisha ruta ya Kigoma bila Safe Mode ajiandae kwa safari.

/ip firewall filter
add chain=input connection-state=established,related action=accept
add chain=input connection-state=invalid action=drop
add chain=input protocol=icmp action=accept
add chain=input in-interface-list=!LAN action=drop

Input ni data inayokuja kwa ruta yenyewe. Sheria husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ukiziongeza chini ya sheria ya zamani inayoruhusu kila kitu, ni kazi bure. Angalia pia kwamba orodha ya LAN, yaani mtandao wako wa ndani, ipo na ina bridge yako (kiolesura kinachounganisha poti za ndani) ndani yake, kwa amri /interface list member print. Kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote ni sheria inayozuia ether1 huku intaneti inaingia kwa pppoe-out1, yaani muunganisho wa PPPoE, unaofunguliwa kwa jina na nywila ya mtoa huduma. Kebo imechomekwa ether1, ni kweli, lakini kwa macho ya fayawoli data inaingia kupitia PPPoE, na sheria haiigusi hata chembe. Kusema "chochote kisicho LAN" kunaepusha mtego huo. Ila kama ruta yako ndiyo inayowapa wateja PPPoE, nao si LAN: waongezee juu yake sheria inayoruhusu DNS (huduma ya kutafuta anwani za majina ya tovuti) kutoka kwao, la sivyo simu zitaanza kuita.

Halafu huduma:

/ip service disable telnet,ftp,www,api-ssl
/ip service set winbox address=192.168.88.0/24
/ip service set ssh address=192.168.88.0/24

Weka mtandao wako badala ya huo wa mfano. Huduma ya api tumeiacha makusudi, kwa sababu mifumo mingi ya kuuza vocha huongea na ruta kupitia poti 8728. Kuizima ni kusimamisha mauzo. Iwekee anwani ya seva ya vocha peke yake. Kama seva hiyo iko nje, kwenye intaneti, ipitishe ndani ya VPN, njia ya siri iliyosimbwa.

Kwa hoteli na shule kuna jambo la ziada: wageni wenye Wi-Fi yako nao wako ndani ya LAN. Fayawoli ya hapo juu haiwazuii. Kwao kinga ni ile safu ya address, ifinye mpaka kompyuta moja au mbili za usimamizi. Kuhamisha Winbox kutoka 8291 kwenda poti nyingine hupunguza kelele kwenye logi tu. Anayekagua poti zote ataipata.

Kusasisha bila kuua ruta

Kaa kwenye tawi lako la RouterOS. Mwaka 2018 waliokuwa kwenye tawi la marekebisho walipewa 6.40.8, hawakulazimika kuhamia 6.42. Siku ya dharura si siku ya kutoka toleo la 6 kwenda la 7, ambamo sehemu za OSPF na BGP (za kuchagua njia za data) na User Manager (ya kusimamia wateja) zimepangwa upya. Ziba tundu leo, uhamie toleo jipya wiki utakayochagua mwenyewe.

/system package update check-for-updates
/system package update install

Ruta itapakua, itajizima na kuwaka. Ikirudi, thibitisha toleo kwa /system resource print, kwa kuwa nafasi ikikosekana ruta huwaka na toleo lilelile la zamani na sababu hubaki imeandikwa kwenye logi tu. Vifaa vyenye hifadhi ya MB 16, hAP lite akiwemo, hukwama hapa. Futa mafaili na pakiti usizotumia, ujaribu tena. Kisha sasisha programu ya kuwashia:

/system routerboard upgrade
/system reboot

Umeme ndio adui mkubwa wa hatua hii. Ukikatika ruta ikiwa inaandika, hairudi mpaka uende na kompyuta. Hakikisha betri au UPS inashika kwa angalau dakika 10, na usianze saa ambazo mgao unajulikana.

Ukiwa na minara iliyounganishwa kama mnyororo, anza na ruta ya mbali zaidi urudi nyuma kuelekea ulipo. Ukianza na ya karibu na ikakataa kuwaka, zote zilizo ng'ambo yake umezipoteza. Jaribu moja kwanza, ipe nusu saa, ndipo uendelee. Zenye anwani ya umma ziwe mbele kwenye foleni.

Kuna mtego wa kurudi nyuma. Kuanzia 6.43 RouterOS huhifadhi nywila kwa namna nyingine, na ukishusha ruta chini ya toleo hilo nywila zote za watumiaji hufutwa, ruta inabaki ikifunguka bila nywila. Wapo wanaoshusha toleo kwa sababu "lile la zamani lilikuwa tulivu", wakaondoka wakiwa wameacha mlango wazi kabisa.

Nywila hubadilishwa baada, si kabla

Ukibadili nywila wakati tundu bado liko wazi, mvamizi ataisoma na hiyo mpya. Sasisha kwanza, ndipo ubadili. Na usiishie kwenye ya msimamizi:

/user add name=jina-lako group=full password=nywila-ndefu
/user disable admin
/user ssh-keys print
/user aaa print

Jaribu kuingia kwa jina jipya kabla ya kuzima admin. Amri ya tatu inaonyesha funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye ruta kwa amri: mvamizi aliyeacha ufunguo wake hana haja ya nywila tena. Ya nne inaonyesha kama ruta inakubali watumiaji kutoka seva ya RADIUS, inayothibitisha watumiaji kwa niaba ya ruta. Ikiwa use-radius ni yes na hukuiweka wewe, hapo pana mtu.

Aliyeingia kama msimamizi ameona na siri ambazo ruta inalazimika kuzihifadhi zikisomeka: nywila ya PPPoE uliyopewa na mtoa huduma wako, za wateja kwenye /ppp secret, ufunguo wa Wi-Fi, siri ya RADIUS, ufunguo wa IPsec, nywila ya barua pepe kwenye /tool e-mail. Zibadilishe zote. Kama antena za mnarani zinatumia nywila ileile ya ruta, na mara nyingi ndivyo ilivyo, nazo zimo kwenye hesabu.

Kumtafuta aliyebaki ndani

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi walipoishia njiani 2018. Anza na hizi:

/system scheduler print detail
/system script print detail
/ip socks print
/ip proxy print
/interface l2tp-client print detail
/ip firewall filter print
/ip firewall nat print
/ip dns print
/ip dns static print
/tool sniffer print

Kwenye scheduler, ratiba ya kazi za ruta, tafuta kazi yenye neno fetch inayoita anwani ya intaneti kila baada ya muda fulani. Ndiyo njia ya Meris: ruta huenda yenyewe kuchukua maagizo mapya, hata ukiwa umeziba kila poti ya kuingilia, kwa sababu fayawoli ya input haizuii ruta kutoka. Proksi ya SOCKS kama huitumii izime kwa /ip socks set enabled=no. Kwenye l2tp-client (miunganisho ya VPN ambayo ruta huifungua yenyewe) MikroTik walitaja jina lvpn, lakini muunganisho wowote usioutambua ni wa kushuku. Kwenye fayawoli tafuta sheria ya input inayoruhusu poti 5678 kutoka nje.

Kwenye nat tafuta redirect, yaani sheria ya kugeuza njia, ya poti 80 kwenda 8080. Katikati ya 2018, Brazil kwanza na kisha kwingine, wavamizi waliwasha proksi ya wavuti ya ruta na kuingiza ndani ya kurasa skripti ya Coinhive, ya kuchimba sarafu kwa kutumia kompyuta za wateja. Mteja aliona kompyuta inachemka na feni inalia, akadhani ni virusi.

DNS inahitaji jicho la pekee. Anwani mbili zimebadilishwa na hakuna kitu kinachoonekana kuharibika: kurasa zinafunguka, ila ya benki inafunguka kwa mwenye seva hiyo. Linganisha na anwani alizokupa mtoa huduma. Kwenye sniffer, streaming-enabled ikiwa yes na pana anwani kwenye streaming-server, nakala ya mawasiliano inakwenda huko. Hiyo ndiyo hali ya zile ruta 7,500.

Kuna maficho yasiyokaguliwa mara kwa mara: /tool netwatch, sehemu ya on-up kwenye /ppp profile, na lease-script kwenye /ip dhcp-server. Zote zinaweza kuendesha skripti bila kuonekana kwenye scheduler. Upande mwingine, si kila kigeni ni kibaya. Faili la autosupout.rif ni ripoti ambayo ruta huandika yenyewe inapoanguka. Limewatia wengi hofu bure.

Ukikuta hata dalili moja

Usisafishe. Ukifuta kazi moja ya scheduler umeondoa ile uliyoiona. Ruta hiyo ipakiwe upya kwa Netinstall, programu ya bure ya MikroTik.

Pakua pakiti inayolingana na architecture-name. hAP lite ni smips, hEX ya RB750Gr3 ni mmips, hAP ac² ni arm, na RB951 nyingi ni mipsbe. Ukikosea, utarudia. Zima Wi-Fi na fayawoli ya kompyuta, ipe anwani ya kudumu, mfano 192.168.88.2, na kwenye Netinstall weka 192.168.88.3 kama anwani ya kumpa mteja. Kebo iende ether1 kwa ruta nyingi. Weka swichi ndogo katikati: bila swichi, Windows huona kebo imekatika kila ruta inapozima, na huchelewa kujibu ombi lake. Shikilia kitufe cha reset, chomeka umeme huku umeshika, na usiachie mpaka ruta itokee kwenye orodha. Ondoa alama ya kutunza mipangilio ya zamani, kisha upakie.

Sasa usirudishe lile faili la bakapu-kabla. Linarejesha ruta kama ilivyokuwa, mgeni akiwemo. Fungua mipangilio-kabla kwenye kihariri cha maandishi, soma mstari kwa mstari, ubandike kile unachoweza kueleza kipo kwa kazi gani. Watumiaji wa ruta hawamo kwenye export, utawaunda upya, jambo ambalo safari hii ni faida. Hifadhidata ya User Manager nayo hutunzwa peke yake.

Pima ukiwa nje

Kukagua kutoka ndani hakukuambii kitu. Chukua laptopu, iunganishe na data ya simu, ukague anwani yako ya umma kwa nmap, programu ya kukagua poti:

nmap -Pn -p 21,22,23,53,80,1080,4153,5678,8080,8291,8728 anwani-yako

Zote zisome filtered (zimezuiwa), isipokuwa ile uliyoifungua kwa kujua. Poti 53 ikiwa open ruta yako inatumika kushambulia wengine kwa majibu ya DNS. Hiyo ni ya UDP zaidi, basi rudia kwa nmap -sU -p 53 ukiwa na haki za msimamizi wa kompyuta. Kagua anwani yako tu, si ya jirani.

Kwanza lakini hakikisha anwani hiyo ni yako. Kama kiolesura cha intaneti kwenye /ip address print kina anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, ambapo wateja wengi hugawana anwani moja, na unachokikagua ni mashine yake. Matokeo safi hapo si cheti. Na kama IPv6 imewashwa, kumbuka ina fayawoli yake kwenye /ipv6 firewall filter. Sheria zote za hapo juu haziihusu.

Ukithibitisha uvamizi, peleka taarifa kwa kituo cha taifa cha dharura za mtandao, TZ-CERT kwa Tanzania au KE-CIRT/CC kwa Kenya, ukiambatanisha logi ile uliyoihifadhi mwanzo. Kwa Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamtaka mwenye data za watu zilizovuja zenye hatari ya kuwadhuru amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, kwa hiyo andika saa uliyogundua. Mteja mwambie waziwazi tarehe, nini huenda kilisomwa, na nywila zipi abadilishe upande wake.